Namna ya Kutembea Ufukoni na Mama Mkwe

Kama ulipita Nakuru kwa treni mwaka wa hamsini na moja, ukafika Kisumu kama ulivyokusudia badala ya kujikuta umepelekwa Rongai na kuendelea mpaka Uganda, basi mshukuru Nyongesa. Kazi yake ilikuwa pointi. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye alisimama kando ya reli akivuta wenzo wa chuma, na reli zikasogea, chakacha, upande huu au ule. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mcheshi wa kupindukia, na mwoga wa kitu kimoja tu katika dunia hii ya Mungu. Injini hakuogopa. Wazungu wa ofisini hakuwaogopa sana. Aliyemtia jasho ni mama mkwe.

Usimcheke haraka hivyo. Mama mkwe mwenyewe hakuwa mkali, na Nyongesa hakuwahi kumwona hata kisogo. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kwao, kwa Wabukusu wa Kimilili, mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Humpi mkono, huli mbele yake, jina lake hulitaji, na ukimwona anakuja njiani, unaiacha njia unaingia kichakani mpaka apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na wahenga walisema heshima si utumwa, ingawa nadhani aliyesema hivyo hakuwa na mama mkwe anayependa kutembeatembea. Baba mdogo wa Nyongesa aliwahi kushinda ndani ya ghala la mahindi kutwa nzima, siku ya soko, kwa sababu mama mkwe wake alikuja kusalimia, akakaa chini palepale mlangoni pa ghala, akaanza hadithi. Watu wa nyumbani walijua fika nani yumo ndani. Wakamwongezea mgeni chai.

Sasa mke wa Nyongesa, Achola, alikuwa mtoto wa kisiwani. Kwao ni Mfangano, kisiwa kilichokaa peke yake huko ndani ya ziwa kubwa, mbali hata na watu wanaojidai wanajua mbali. Ungewaambia watu wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, kwamba kuna binadamu wanaishi huko, wangekuuliza kama wanalala juu ya maji. Achola alikuja Nakuru kukaa na kaka yake aliyekuwa mfanyakazi wa reli, akakutana na Nyongesa kwenye bomba la maji, mengine hayakuhusu. Walifunga ndoa kanisani palepale Nakuru. Ng'ombe wa mahari walipelekwa na baba wadogo wa Nyongesa huku yeye akiwa zamu, na kwa Waluo nako sheria za ukwe ni zilezile, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba bwana arusi hakutokea. Miaka mitatu ikapita. Akazaliwa Naliaka, wakati wa palizi. Kila likizo walikwenda Kimilili kuvuna mahindi, na Achola hakunung'unika, ila siku nyingine alikuwa akisimama mlangoni upepo ukivuma kutoka Ziwa Nakuru na harufu yake ya magadi, na kusema kwamba hilo si ziwa, hilo ni beseni la kufulia.

Ndipo siku moja mama mmoja muuza samaki akashuka kwenye treni ya Kisumu na kapu lake la ngege wakavu, akaja moja kwa moja landi, akamwita Achola pembeni. Alikuwa ametumwa. Mama yake Achola alisema macho yake yanafunga. Asubuhi anaona kidogo, mchana ukungu, jioni hakuna kitu. Anataka atembee na binti yake ufukoni mara moja kabla mlango haujafungwa kabisa, vile walivyokuwa wakitembea Achola alipokuwa msichana. Na huyo mume naye aje. Asimsogelee, Mungu apishe mbali, lakini apite hata kwa umbali, amwone umbo lake, asije akaingia kaburini akimjua mkwewe kwa jina tu.

Achola alikaa chini palepale kati ya samaki, akalia. Kisha akacheka. Kisha akaunguza ugali, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Nyongesa aliporudi kazini akiwa mweusi kwa moshi akasikia habari, alisimama kama mtu aliyeona reli mbili zimeingiliana, halafu akasema basi, likizo hii ni Mfangano. Reli inatoa pasi ya bure kwa mfanyakazi na familia yake, na pasi haijaandikwa Kimilili. Achola alimrukia shingoni mbele ya majirani wote.

Furaha iliingia nyumba ile ikavua viatu. Usiku na mchana ni Mfangano. Achola alikuwa akikanda unga huku akieleza jinsi matembezi yenyewe yalivyo mepesi, hata mtoto anaweza, hata mbuzi mgonjwa. Unaanzia chini ya boma la mama, unafuata maji, mchanga ni laini hauchomi, unapita mawe bapa ambapo wanawake hufulia, unakwenda polepole mpaka kwenye miamba mikubwa ya rasi. Hapo unakaa, unanawa uso, unarudi. Maji upande mmoja na mawe marefu upande wa pili, wala huwezi kupotea.

Nyongesa alisikiliza akitabasamu. Halafu tabasamu likasimama katikati.

"Na kichaka?" akauliza.

"Kichaka gani?"

"Cha kuingilia."

Achola akafikiri, akasema hakuna kichaka. Kuna maji na kuna mawe, yamesimama kama ukuta. Nyongesa akakaa juu ya kitanda. Ona mambo: njia nyembamba, bibi mzee mbele au nyuma, na mkwe hana pa kuingia isipokuwa ziwani, naye mtoto wa Kimilili hakujua kuogelea hata kwenye karai.

Mtu mwingine angesema basi, nenda peke yako mama, nipelekee salamu. Lakini Nyongesa alimwangalia mkewe, jinsi macho yake yalivyokuwa yanang'aa, akajua kwamba akisema hivyo kuna kitu kitazimika katika nyumba ile na hakuna kiberiti cha kukiwasha tena. Tena mama alisema aje. Hapo ndipo akili ya reli ilipomjia, na ilimjia kwa nguvu kiasi kwamba aliacha chakula.

Kwani reli yenyewe ni nini? Reli ni njia nyembamba isiyo na kichaka. Kutoka stesheni hadi stesheni njia ni moja tu, na treni mbili zikikutana katikati ni kilio. Lakini zinapita kila siku na hazikutani. Siri ni pete. Dereva hawezi kuingia kwenye kipande cha njia mpaka akabidhiwe pete ya ruhusa ya kipande kile, na pete ni moja. Asiye nayo anangoja stesheni. Nyongesa alikuwa akiwapokeza madereva pete hizo kila zamu, na hajawahi kuona mama mkwe hata mmoja akigongwa.

Akachukua kipande cha mkaa, akachora ufuko wa Mfangano sakafuni. Boma la mama ni stesheni ya kwanza. Mawe ya kufulia, stesheni ya pili, na pale pana uwazi kati ya miamba ambapo mtu anaweza kujificha mwingine akapita. Rasi ni mwisho wa reli. Mama akishika pete, Nyongesa hatii mguu. Mama akifika stesheni, pete inarudi, Nyongesa anaingia kwenye njia, anaonekana vizuri kutoka mbali, kisha anajificha. Kipkoech, jirani yake aliyefanya kazi kwenye shedi ya injini, aliitwa kuthibitisha, akazunguka mchoro ule mikono mgongoni kama bwana mkubwa, akasema kasoro ni moja tu: mama mkwe hana breki. Wakacheka mpaka Naliaka akaamka.

Mpango kama huo haukai ndani ya nyumba moja. Kufikia Jumapili landi nzima ilikuwa na habari, na landi nzima ilikuwa na maoni. Iliamuliwa, sijui na nani, kwamba lazima wafanye mazoezi. Baada ya kanisa, watu wakiwa bado na nguo za ibada, ile njia kati ya safu mbili za nyumba ikageuka Mfangano. Mtaro wa maji machafu ukawa ziwa. Kuta zikawa miamba. Mlango wa Kipkoech ukawa uwazi wa kujifichia, na pete ikatengenezwa kwa waya wa kuanikia nguo. Wachuka, mama mmoja aliyekuwa akileta mboga na mahindi kutoka Subukia, alikuta umati, akatua mzigo wake, akauliza nani amekufa. Alipoelezwa akakaa juu ya gunia lake akasema hatoki hapo hadi aone mwisho.

Mama mkwe aliigizwa na Chepkemboi, mke wa Kipkoech, na hilo lilikuwa kosa. Chepkemboi alijifunga blanketi, akashika fimbo, akakunja mgongo, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumtawala. Alitembea hatua mbili akasimama kupumzika. Aliuliza kwa sauti ya kutetemeka kama mkwe wake ana meno yote. Akipewa pete aliivaa shingoni akakataa kuirudisha, akisema ni zawadi. Nyongesa, mlangoni pa Kipkoech, alikuwa akichungulia na kupiga kelele kwamba njia haijafunguliwa, njia haijafunguliwa, na mara Chepkemboi akageuka bila ruhusa ya stesheni yoyote akaanza kumjia. Watu walipiga vigelegele. Nyongesa alitazama kushoto, ukuta, kulia, ukuta, mbele, blanketi linakuja. Na ingawa alijua kabisa kwamba huyo ni Chepkemboi, jirani yake, aliyemkopesha chumvi jana, damu ya Kimilili haikungoja maelezo. Aliruka mtaroni na suruali yake ya kanisani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka stesheni. Wachuka alilala juu ya gunia lake akishika mbavu. Kipkoech alitangaza kwamba huduma za treni zimesimamishwa mpaka njia isafishwe. Nyongesa mwenyewe, amelowa mpaka magotini, alicheka kuliko wote, akatoka, akasema turudie, turudie, sasa nimeelewa wapi nilikosea.

Wakarudia. Na wakarudia tena. Kila mara Achola ndiye aliyekuwa akibeba pete, maana nani mwingine angeibeba? Mama mkwe hawezi kumpa mkwe kitu, na mkwe hawezi kupokea. Kwa hiyo Achola, na Naliaka mgongoni, alikimbia kutoka kwa Chepkemboi hadi kwa mumewe, kutoka kwa mumewe hadi kwa Chepkemboi, akipokea, akipeleka, akiuliza kama njia ni salama. Mwanzoni alikuwa akicheka pamoja na wengine. Baadaye alikuwa akihema tu. Na katikati ya raundi ile ambayo kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa kabisa, ambayo Nyongesa alikuwa ameanza kupiga makofi, Achola alikaa chini kwenye vumbi, pete mapajani.

"Baba Naliaka," akasema, "na mimi nitatembea na mama saa ngapi?"

Hata Chepkemboi akanyoosha mgongo. Nyongesa aliangalia ufuko wake wote, stesheni zake zote, akamtafuta mkewe mahali anapotembea na mama yake akiwa ameshika mkono wake, akakuta hakumpangia. Alikuwa amempangia kila mtu nafasi yake, na Achola akamfanya pete. Aibu ilimshika kweli, ile ya kuwasha masikio. Alimwinua mkewe, akamfuta vumbi kwa leso yake mbele ya landi nzima, na akasema, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba yeye ni mjinga. Hakuna aliyembishia.

Jioni ile alipangusa ule mchoro wa makaa kwa kitambaa na maji. Achola alikuwa akimnyonyesha mtoto. Baadaye ni yeye aliyesema kwamba labda mambo haya si magumu kiasi hicho. Mama hakutaka treni mbili. Mama alitaka binti wa kumshika mkono, na umbo la mtu kwa mbali. Basi Nyongesa atangulie. Avae shati jeupe, atembee mbele yao, asigeuke hata mara moja, na wao wafuate nyuma polepole. Mama atatembea akimwona mgongo, na mgongo si uso. Nyongesa aliufikiria mgongo wake, akaona kwamba kwa kweli ni mgongo mzuri.

Kilichobaki ni umbali. Ukiwa karibu sana unavunja heshima, ukiwa mbali sana huonekani. Jumapili iliyofuata waliteremka wawili, na mtoto, mpaka kando ya Ziwa Nakuru kupima. Matope ya magadi yalikuwa yanashika miguu, heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wamejaa majini wanapiga domo, na harufu yake usiseme. Achola alifumba macho nusu, akawa mama yake. Nyongesa akatembea mbele, shati jeupe, kichwa juu, akiuliza bila kugeuka: bado unaniona? Namwona mtu. Na sasa? Naona kitu cheupe. Na sasa? Sasa naona heroe. Akarudi akikimbia, akateleza, akakaa kwenye matope kwa kishindo, na ndege wote wakaruka kwa pamoja mpaka mbingu ikawa ya waridi, na wale wawili wakakaa pale wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Walikubaliana umbali uwe urefu wa treni ya abiria. Nyongesa aliujua urefu huo hata akiwa usingizini.

Naam, wakaondoka. Kipkoech na Chepkemboi waliwasindikiza stesheni, na aliyekuwa zamu ya pointi siku hiyo alionywa na Nyongesa mwenyewe, kichwa nje ya dirisha, kwamba akiwapeleka Rongai atamjua. Njoro, Molo, baridi ya Londiani, kisha joto la Kisumu. Kisha meli, na Nyongesa akashika chuma cha pembeni toka mwanzo hadi mwisho bila kukiachia, akiuliza kila abiria kama chombo hiki kina breki. Kisha mashua ndogo, ambayo sitaieleza kwa sababu alifumba macho. Alipofumbua, Mfangano kilikuwa mbele yake, kijani, kimejiinua kutoka majini, na Achola amesimama kwenye mashua akilia na kupunga mkono kwa watu ambao hata hawajamtambua.

Nyongesa alilazwa kwa baba mkubwa wa Achola, upande wa pili wa kilima, kama adabu inavyotaka. Achola na mtoto wakaenda kwa mama. Matembezi yalipangwa asubuhi, maana asubuhi ndiyo macho ya mama yalikuwa na nguvu, na Naliaka akaachwa na watoto wa boma. Nyongesa hakulala vizuri kwa furaha. Aliamka akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu vya ngozi alivyovipaka rangi mpaka ukaweza kujitazama ndani yake, akateremka ufukoni, akapima kwa macho urefu wa treni ya abiria kutoka chini ya boma, akageuza mgongo. Ufuko ulikuwa vilevile alivyoelezwa. Mchanga laini, maji yametulia, mawe marefu upande wa pili. Matembezi mepesi kuliko yote duniani.

Akasikia sauti za wanawake nyuma yake, mbali. Akaanza kutembea. Lo, alitembea mtu yule! Mabega yamepanuka, mikono inapishana kwa mpango, si haraka, si polepole. Kwa miaka mitatu alikuwa jina tu, na sasa alikuwa anaonekana. Alijihisi mrefu. Alitamani mama mkwe amwone hata jinsi anavyokwepa jiwe.

Kisha akasikia Achola anaita: rudi nyuma kidogo.

Hakugeuka, maana sheria ni sheria. Alirudi kinyumenyume, hatua chache, uso bado kwenye rasi. Achola akaita tena. Kidogo zaidi. Nyongesa akarudi tena kinyumenyume, akipapasa mchanga kwa kisigino, akijikwaa, akitaka kucheka kwa jinsi alivyojiona mjinga, mtu mzima anatembea kama kaa. Ukabaki urefu wa behewa moja. Kidogo zaidi, akasema Achola, na safari hii sauti yake ilikuwa imepasuka, na hamu ya kucheka ikamtoka Nyongesa yote. Akaelewa. Alirudi mpaka akasikia pumzi ya bibi mzee nyuma yake, karibu kuliko mtu yeyote wa Kimilili alivyowahi kuisikia pumzi ya mama mkwe wake, akasimama.

"Mama, yuko hapo mbele yako," Achola akasema, analia. "Shati jeupe. Huoni cheupe?"

"Naona maji," mama akasema. "Hata asubuhi ni maji matupu sasa. Sikutaka yule muuza samaki akwambie hivyo, ungekuja unalia njia nzima."

Nyongesa alisimama na mgongo wake, ule mgongo wa kupigiwa pasi, aliouleta kutoka Nakuru kwa treni na meli na mashua ili uonekane, na sasa haukuwa na kazi. Mipango si matumizi. Alitaka kusema pole na hakuweza, kwa sababu mkwe hasemi.

Ndipo bibi akagonga mwamba kwa fimbo yake. Hakusema na Nyongesa, adabu alikuwa nayo tele. Alisema na mwamba.

"Wewe jiwe, mwambie mtoto wa watu asiogope, macho ya kuvunja heshima sina tena. Mimi nitatangulia na binti yangu. Yeye afuate nyuma. Nitamsikia."

Nyongesa, aliyekuwa amejifunza Kiluo cha landi, alielewa kila neno. Aligeukia mwamba, akabandika paji la uso kwenye jiwe, akafumba macho. Wakapita. Nguo ya mtu ilimgusa kisigino, hakujua ni ya nani. Alipofumbua, walikuwa mbele yake, mama na binti, wameshikana mikono, kichwa cha mzee kimeinama upande wa Achola, wanakwenda polepole kuelekea rasi. Hatimaye Achola alikuwa anatembea na mama yake. Nyongesa akafuata, macho chini.

Hawakwenda mbali mama akasimama.

"Yuko?"

"Yuko, mama, anakuja."

"Mbona simsikii?"

Nyongesa akatazama miguu yake. Mchanga ulikuwa laini mno. Akakanyaga kwa nguvu, mchanga ukameza. Akakanyaga tena, kama mtu anayeua nyoka, hakuna kitu. Kule mbele bibi alikuwa ametega sikio, uso umegeuzwa pembeni, unangoja. Basi Nyongesa hakufikiri mara mbili. Aliingia ziwani na viatu vyake vya kung'aa, na soksi, na suruali yenye mstari, maji yakamfika katikati ya miguu, akaanza kutembea. Chubwi. Chubwi. Chubwi. Alikanyaga ziwa lile kama ana ugomvi nalo. Samaki wadogo walikimbia. Shati likalowa mpaka kifuani, na hakukoma, kwa sababu aliona mabega ya yule mzee yameanza kutikisika, na mwanzoni akadhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mkono wa binti yake kwa mikono yote miwili.

"Haya," akamwambia Achola, "mtu anayekanyaga hivi hawezi kukutoroka bila kisiwa kizima kusikia. Nimemwona. Twende."

Wakaenda. Achola alikuwa akilia na kucheka na kumweleza mama yake habari za miaka mitatu zote kwa pamoja, na mama alikuwa akijibu, na kila walipotulia kidogo aligeuza sikio kuelekea majini. Na Nyongesa, mtu wa pointi wa Nakuru, asiyejua kuogelea, alitembea ndani ya ziwa mpaka rasi, na kutoka rasi mpaka bomani, bila kupanda mchangani hata mara moja.